Forester ya turbo kwenye joto la Dar: rudisha kwanza kilichoondolewa

Fundi wa kwanza niliyempelekea Forester yangu ya turbo alifungua boneti, akapiga jicho kwenye rejeta, akaniambia: "Bosi, themostati tunaitoa. Hizi zimetengenezwa kwa nchi za baridi, huku kwetu joto." Nilikubali, kwa sababu alisema kwa uhakika na mimi sikujua lolote. Miezi mitano baadaye nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara katikati ya mlima wa Kitonga, njia ya kwenda Iringa, boneti wazi, mvuke unatoka, malori yananipita taratibu.

Gari lilipofika Dar nililala chini yake mwenyewe na tochi. Kava ya chini ya injini haikuwepo. Sponji inayoziba kati ya mdomo wa boneti na intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ilikuwa imebaki vipande. Kifuniko cha rejeta kilikuwa cha gari jingine. Kinga ya bati inayofunika turbo ilikuwa imetupwa, nadhani kwa sababu bolti zake zilishika kutu na mtu akachoka kuhangaika nazo. Themostati, ule mlango mdogo unaofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta, nilijua mwenyewe ilikokwenda. Ndani ya rejeta kulikuwa na maji ya bomba yenye rangi ya chai ya rangi.

Mchana wa Januari na Februari Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33. Tokyo mwezi wa Agosti kuna siku zinazopita 35, na foleni za Tokyo si hadithi. Kwa hiyo gari hili halikuja Afrika Mashariki kukutana na joto ambalo halijawahi kuliona. Lilikuja likiwa na kila kitu cha kupambana nalo, sisi tukalivua nguo moja moja. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na rejeta kubwa ya alumini wala intakula ya kununua mtandaoni. Unaanza na kurudisha vya kiwandani.

Nitatumia Subaru Forester na Impreza zenye injini za EJ (jina la familia ya injini za Subaru) kama mfano, kwa kuwa ndizo ninazozifahamu na ndizo zimejaa mitaani kwetu. Mengi yanafaa gari lolote la turbo. Ya Prado za dizeli na ya magari ya supachaja nimeyaweka karibu na mwisho.

Joto lenyewe linatoka wapi

Gari la kawaida lina chanzo kimoja kikubwa cha joto, yaani moto ndani ya silinda. Gari la turbo lina viwili vya ziada. Cha kwanza ni turbo yenyewe: moshi unaoizungusha hupita nyuzi 800 gari likibanwa, na ekseli yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikielea kwenye utando mwembamba wa oili. Cha pili watu wengi hawakifikirii, nacho ni hewa ambayo turbo inaishindilia kuingia kwenye injini. Ukiishindilia hewa inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Chukua hewa ya Dar ya nyuzi 33, ishindilie kwa msukumo wa bar 0.8, na kwa turbo ya kawaida itatoka ikiwa na nyuzi kama 110. Hewa hiyo ikiingia kwenye silinda bila kupozwa, petroli inawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni ndizo zinazolipa.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kutoa joto: maji, oili na hewa. Watu wengi wanahangaika na maji tu, halafu wanashangaa turbo imekufa wakati gari "halijawahi kuchemsha".

Hatua ya 1: Pima kabla hujanunua chochote

Mshale wa joto kwenye dashibodi ya Subaru umetulizwa makusudi. Unakaa katikati pale pale hata maji yakipanda nyuzi nyingi, na ukiuona umeanza kupanda ujue umechelewa. Nunua kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari na kuchomekwa chini ya usukani, kiunganishe na simu, usome joto la maji kwa namba. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakubali vifaa vya kawaida vya OBD. Lako likiwa miongoni mwao, funga geji ya joto yenye sensa kwenye mpira wa juu wa rejeta. Si kazi kubwa kwa fundi umeme.

Namba ninazozitumia mimi ni hizi. Barabarani kwa mwendo wa kawaida, nyuzi 82 hadi 92. Kwenye foleni, maji yanapanda hadi karibu 95, feni zinawaka, yanashuka, yanapanda tena. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Yakigusa 100 na kuendelea kupanda huku feni zinazunguka, kuna kitu kinakuomba ukitazame. Kwenye 105 zima AC na punguza mwendo. Kwenye 110 tafuta pa kusimama.

Angalizo moja kwa wenye EJ: joto la hewa inayoingia unaloliona kwenye simu linapimwa na sensa iliyo karibu na boksi la kichujio cha hewa, kabla ya turbo. Halikuambii chochote kuhusu hewa iliyotoka kwenye intakula. Usije ukaona nyuzi 40 pale ukadhani intakula yako inafanya kazi.

Andika namba zako kwa wiki moja. Asubuhi, foleni ya jioni, safari ya Morogoro. Bila daftari hilo, kila fundi atakuuzia kipuri anachokipenda yeye.

Hatua ya 2: Jiulize linachemsha wapi

Swali hili moja linaokoa pesa nyingi kuliko kipuri chochote.

Kama linapanda kwenye foleni na kushuka ukianza kutembea, tatizo ni upepo wa gari lililosimama: feni, rilei ya feni, kava ya feni, au uchafu kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele) na rejeta.

Kama ni shwari kwenye foleni lakini linapanda ukikimbia kilomita 100 kwa saa, achana na feni, kwa sababu kwenye mwendo huo upepo wa barabarani unatosha. Tazama rejeta iliyoziba ndani, kava ya chini iliyopotea, mpira wa chini wa rejeta unaojikunja, au pampu ya maji iliyochoka.

Kama linapanda mlimani tu na kutulia kwenye tambarare, mara nyingi rejeta imeziba nusu. Inamudu kazi ndogo, inashindwa kubwa.

Na kama linapanda ghafla bila mpangilio, linashuka, linapanda tena, huku hita inatoa hewa ya baridi, kuna hewa imenaswa kwenye mfumo. Hewa hiyo ama ilibaki wakati wa kujaza maji, ama inaingia sasa hivi kutoka kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku ya injini. Usiendelee na safari kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Hatua ya 3: Rudisha kilichoondolewa

*Themostati.* Hapa ndipo ninapobishana na mafundi wengi, na nitaendelea kubishana. Themostati ya EJ huanza kufunguka kwenye nyuzi kama 78 na huwa wazi kabisa kwenye 91 hivi. Maji yakishafika hapo, mlango uko wazi na hauzuii kitu. Kuitoa hakuongezi ubaridi gari linapokuwa limebanwa. Inachofanya ni kuliacha gari likiwa baridi mno wakati wa kawaida. Kompyuta inadhani injini bado haijapata moto, inaongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na oili iliyochanganyika na petroli ndiyo hiyo hiyo inayokwenda kuilinda ekseli ya turbo. Tena, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mchepuko. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Yaani umetoa kifaa ili kupoza, ukapunguza kupoza.

Nunua themostati halisi ya gari lako. Za bei ndogo kwa ajili ya Subaru zina mdomo mdogo unaopitisha maji machache, na tofauti unaiona kwa macho ukiziweka mbili pamoja mezani. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto, uone inafunguka lini. Nimeshakuta mpya isiyofunguka kabisa.

*Kifuniko.* Watu wanakidharau kwa kuwa ni kidogo. Kifuniko cha bar 1.1 kinapandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu kutoka nyuzi 100 hadi kama 121 ukiwa usawa wa bahari. Iringa, ambako mwinuko ni mita 1,500 na zaidi, maji yasiyobanwa yanachemka kwenye 95 hivi. Sasa fikiria kifuniko chenye mpira uliokauka, kisichobana chochote: gari lako linaweza kuchemsha kwenye joto ambalo feni hata haijaamriwa kuwaka. EJ za turbo zina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kimoja kwenye tangi dogo la juu karibu na turbo, na mgandamizo wake haufanani. Usivibadilishane. Weka alama ya rangi kama unaogopa kusahau.

*Kava ya chini.* Ile plastiki nyeusi chini ya injini si ya kuzuia tope tu. Gari likikimbia, inatengeneza mvutano unaonyonya hewa kupitia rejeta na kuitoa chini. Ikiondolewa, hewa inapita chini ya gari na kuiruka rejeta. Kuna mafundi wanaiacha gereji baada ya kumwaga oili kwa sababu klipu zimevunjika. Klipu zinauzwa kila duka la vipuri. Nunua kumi, weka kwenye gari, mpe fundi kabla hajaomba.

*Kava ya feni na vizibo vya pembeni.* Rejeta nzuri yenye nafasi za vidole vitatu kila upande inapoteza upepo, kwa sababu hewa hupita penye urahisi. Sponji nene ya dukani na gundi inatosha kuziba.

*Kinga ya turbo.* Bati lile linazuia mwanga wa joto usipige intakula, nyaya, na mpira wa maji ulio karibu. Zilizotumika zinapatikana kwenye maduka ya vipuri vya magari yaliyokatwa. Ukishindwa kuipata, kuna blanketi za turbo za kusokotwa. Zinafaa, mradi zisiguse nyaya na zisiwe zimelowa oili, kwa maana zikilowa zinashika moto.

Hatua ya 4: Maji ya ndani

Kuna imani kwamba kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi zenye theluji. Kwetu hatuihitaji kwa kuganda, hilo ni kweli. Tunaihitaji kwa mambo mawili mengine: inazuia kutu kwenye alumini, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka kwenye nyuzi kama 107 hata bila kifuniko.

Kwa upande mwingine, maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Kwa hiyo kumimina kulanti isiyochanganywa, ukidhani ni bora zaidi, ni kosa. Gari litapata moto zaidi. Kwa pwani yetu napendelea kulanti asilimia 40 na maji asilimia 60. Chagua ile isiyo na silikati, inayofaa magari ya Japani, na usichanganye mbili za aina tofauti kwa kufuata rangi. Rangi haisemi chochote kuhusu kilichomo.

Maji yawe yaliyosafishwa. Maji ya betri yanafaa, yale ya kuongezea. Hakikisha mara mbili kwamba si asidi, maana chupa zinafanana. Maji ya kisima usiyatumie kabisa. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hiyo inakula alumini ya rejeta na pampu kwa ndani mahali usipopaona.

Ukiwa na rejeta yenye maji ya kutu, mwaga yote, jaza maji safi, washa hita, acha injini iungurume hadi ipate moto, iache ipoe kabisa, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe. Kwangu ilichukua mara nne.

Kujaza ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu injini ya Subaru imelala na hewa hujificha humo. Paki pua ya gari ikiangalia mlima. Washa swichi, weka hita kwenye moto wa mwisho. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kona ya juu ya rejeta. Jaza kupitia tangi dogo la juu, polepole, ukikandakanda mpira wa rejeta kwa mkono, mpaka maji yatoke kwenye skrubu bila mapovu, kaza. Jaza rejeta, funga, washa injini, subiri feni ziwake na kuzima mara mbili. Zima, subiri ipoe kabisa, ongeza. Kesho yake asubuhi angalia tena. Ukisikia sauti kama kijito nyuma ya dashibodi unapokanyaga mafuta, hewa bado ipo, rudia.

Lile tangi dogo lisikae nusu. Ukizima gari, pampu inasimama lakini turbo bado ni ya moto sana. Maji yaliyomo ndani yake yanapata moto, yanapanda yenyewe hadi kwenye tangi, na ya baridi zaidi yanashuka kuchukua nafasi. Ni upoaji usiohitaji umeme wala pampu, na unategemea kitu kimoja tu: tangi liwe na maji.

Hatua ya 5: Osha rejeta kutoka nyuma kwenda mbele

Uchafu uliingia kutoka mbele. Ukipiga maji kutoka mbele unaushindilia. Ondoa vishikio vya juu, vuta rejeta nyuma kidogo, mulika tochi kwenye nafasi kati yake na kondensa ya AC. Mara ya kwanza nilikuta humo manyoya ya ndege, majani, mchanga na wadudu wamegandamana kama mkeka. Tumia maji ya mpira wa bustani na sabuni ya vyombo. Mashine ya kuoshea magari, ukiisogeza karibu, inalaza mapezi yote ya rejeta na umejiharibia mwenyewe. Ukitoka porini kwenye nyasi ndefu, fanya kazi hii siku hiyo hiyo ukifika, kwa sababu mbegu za nyasi zikilowa zinavimba na kushika.

Hatua ya 6: Feni

Washa AC injini ikiwa inaunguruma. Feni zote mbili zizunguke. Moja ikigoma, anza na fyuzi na rilei kabla ya kununua feni. Feni iliyounganishwa moja kwa moja na swichi ya ndani ya gari irudishwe kwenye waya wake wa kiwandani. Siku utakayosahau kuiwasha ndiyo siku utakayonunua injini.

Hatua ya 7: Intakula na hewa yake

Intakula ya Forester na Impreza inakaa juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti. Ukikimbia inapata upepo safi. Ukisimama foleni ya Mbagala dakika arobaini, inakaa juu ya jiko. Ishike kwa mkono ukifika nyumbani, utaiacha haraka.

Maana yake kwa dereva: foleni ikifunguka, usikanyage mafuta mpaka chini ili kufidia muda. Tembea kwa upole dakika moja au mbili, mpe upepo nafasi ya kuipoza, halafu endelea. Kugonga kwingi kwa injini za turbo kunatokea katika sekunde hizo za hasira baada ya foleni.

Halafu kagua haya. Sponji na mpira unaoelekeza hewa kutoka mdomo wa boneti uzibe pande zote. Bila hivyo hewa inazunguka intakula badala ya kupita ndani yake. Mipira ya turbo isiwe na nyufa. Ukivuja msukumo, turbo inalazimika kuzunguka zaidi kufikia kiwango kile kile, na hewa inatoka ya moto zaidi. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, ingiza upepo kidogo wa kompresa baada ya kufungua mpira wa kichujio, utaona mapovu. Na ukiitoa intakula, imwage oili iliyotuama ndani. Utando wa oili unazuia joto lisitoke.

Je, uhamishie intakula mbele? Kama nguvu ya gari ni ya kiwandani, ushauri wangu ni hapana. Utaiziba rejeta kwa mbele, utarefusha mabomba, na kompyuta itahitaji kupangwa upya. Wenye gari la mashindano wana hesabu nyingine.

Jambo la petroli linaingia hapa hapa. Turbo za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya premiamu ya kule, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga). Ukitia ya chini zaidi, kompyuta ikisikia kugonga inachelewesha moto wa plagi. Injini inaokoka, lakini joto ambalo lingesukuma pistoni sasa linatokea kwenye moshi na kuipiga turbo. Kama kituo chako kina petroli ya oktani ya juu, hasa kwa safari ndefu za kiangazi, ilipie.

Hatua ya 8: Oili

Oili ya sintetiki kamili, 5W-40, kila kilomita 5,000. Sibadilishi msimamo kwenye hili. Oili ya bei ndogo ikipikwa kwenye turbo inageuka makaa, makaa yanaziba njia ya oili, na turbo inakufa kwa kiu. Baadhi ya EJ zina chujio dogo la wavu ndani ya bolti inayopeleka oili. Fundi akiifungua kwa kazi nyingine, mwambie aitazame.

Pima kijiti kila unapojaza tangi. Injini hizi zinakula oili kidogo kidogo, na lita moja iliyopungua ni joto lililokosa mtu wa kulibeba. EJ za turbo pia zina kipoza oili kinachotumia maji ya rejeta, chini ya kichujio cha oili. Ukiwa na maji ya kutu, ujue na oili yako inapozwa vibaya.

Kuhusu kuacha injini iungurume kabla ya kuzima: ukitoka mwendo mkali wa barabara kuu, dakika moja hadi mbili. Ukitoka sokoni kwa mwendo wa foleni, zima tu. Kuungurumisha zaidi kunaipika intakula bure. Kilicho bora ni kuendesha kilomita mbili za mwisho kwa upole.

Hatua ya 9: Mlima

Nachukua Kitonga kwa sababu imekusanya kila kitu. Unatoka Dar alfajiri, unafika Ruaha Mbuyuni saa za jua kali, bonde lina joto, halafu unaanza kupanda nyuma ya lori.

Kabla ya mlima, tembea taratibu kilomita chache, joto la maji lishuke. Zima AC. Shika gia ya chini, mizunguko iwe karibu 3,000 kwa dakika. Pampu ya maji inazunguka haraka na turbo haibebeshwi mzigo mzito. Kupanda kwa gia kubwa huku umekandamiza mafuta ndiyo njia ya haraka ya kuchemsha. Kwenye gari la otomatiki tumia mpangilio wa mkono, maana oili ya gia nayo inapozwa ndani ya rejeta ile ile. Acha nafasi kubwa kati yako na lori. Moshi na upepo wa moto wa rejeta yake ndivyo unavyovuta wewe. Ukifika Ilula na ukitaka kusimama kununua nyanya na vitunguu, mwingine ashuke kwanza, wewe baki na injini inaunguruma dakika mbili.

Wa Kenya watayatambua haya haya wakipanda kutoka Mombasa kupitia Mtito Andei, au kwenye miinuko ya Mai Mahiu.

Prado, Hilux na supachaja

Prado zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE zinajulikana kwa silinda hedi kupasuka zikichemsha hata mara moja, kwa hiyo kwao geji ya namba si anasa. Feni yake ina klachi ya silikoni: zima injini ikiwa ya moto, kisha, funguo ikiwa mfukoni, izungushe kwa mkono. Ikizunguka huru kama pangaboi, klachi imekufa. Hilux za 3.0 D-4D zina intakula ya juu na mdomo wa boneti, kwa hiyo Hatua ya 7 inawahusu.

Supachaja inazungushwa na mkanda wa injini na haipati joto la moshi, lakini hewa inaishindilia vile vile. Range Rover zenye V8 ya supachaja zinapoza hewa hiyo kwa maji, kwa mzunguko wa pekee wenye rejeta yake ndogo mbele na pampu yake ya umeme. Pampu hiyo ikifa, mshale wa joto la injini hauonyeshi kitu, ila gari linakosa nguvu mchana na kupata nguvu usiku. Ukiona hivyo, gusa mabomba ya mzunguko huo na usikilize pampu kabla ya kushuku kingine.

Likichemsha njiani

Zima AC, fungua vioo, washa hita moto wa mwisho na feni ya ndani kasi ya mwisho. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Tafuta pa kusimama. Kama maji yapo na mkanda haujakatika, acha injini iungurume kwenye mizunguko kama 1,500, kwa muda wa dakika mbili, uone kama namba inashuka. Ikiendelea kupanda, au ukiona mvuke au mpira uliopasuka, zima mara moja.

Usifungue kifuniko. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 115 yanageuka mvuke papo hapo, usoni kwako. Subiri nusu saa, mara nyingi zaidi, hadi mpira wa juu ubonyee kwa urahisi, ndipo ufungue kwa kitambaa kinene, nusu mzunguko kwanza. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje, wala usijaze ya baridi kwenye injini ya moto, hedi inapinda. Ongeza polepole injini ikiwa imepoa.

Gari lolote la turbo lililopita nyuzi 115, hata likitulia lenyewe, lipimwe gasketi ya silinda hedi kabla ya safari nyingine. Fundi atakuwa na chombo chenye kimiminika cha bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Kwenye gari la petroli, kikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kama hana, jaza chupa ya akiba ya maji ya rejeta, washa injini, mtu mmoja akanyage mafuta kidogo, wewe tazama chupa. Mapovu yanayotoka mfululizo, hata baada ya injini kupata moto na hewa yote kutolewa, yanatosha kukufanya uite gari la kuvuta.